Mkazi wa Kudumu Haombi Viza

Jumatatu, 12 Mei

Binti amepiga simu mchana, nikiwa nimeshika taya la mteja. Taya la plasta, lakini hata hivyo. Harusi imepangwa! Jumamosi ya tarehe 28 Juni, saa nane mchana, kwenye ofisi ya ndoa ya mji anakofanya kazi, nchi nyingine, mwendo wa saa tano kwa ndege kutoka hapa. Mimi ndiye nitakayeingia naye, nimemshika mkono. Kisha nitatia sahihi kwenye daftari la ndoa, kwenye mstari wa mzazi. Amenieleza taratibu, mstari uko upande gani na kalamu watatoa wao. Nimefurahi mpaka nta ya moto imenimwagikia kwenye kiatu.

Halafu akauliza habari za karatasi. Pasipoti, viza, kadi, vyote viko sawa? Mwezi wa tatu aliniuliza swali hilohilo, nikamwambia kila kitu tayari. Leo pia nimemwambia kila kitu tayari. Wala sikudanganya. Nina kadi ya mkazi wa kudumu. Miaka ishirini na nne nchi hii, natengeneza meno ya bandia ya watu wao! Na neno lenyewe si limeandikwa? Kudumu. Mtu wa kudumu anaomba viza kwa nani?

Angekata simu hapo ningelala na furaha yangu. Hakukata. Ameongeza kwamba Mjomba wake amesema kukitokea tatizo lolote yuko tayari kusimama badala yangu. Mjomba wake ndiye Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Mtu anayepiga pasi soksi. Alichukua uraia wa hapa miaka kumi na minane iliyopita, akashona na suti ya kuapia. Wiki hiyohiyo mimi nilikuwa na fomu ileile mezani, nimejaza nusu. Nilipoona picha yake ameinua mkono, nikaichana fomu yangu. Tangu siku hiyo, kila tukikutana ananiambia viza inafuata pasipoti, haifuati kadi. Hata kwenye msiba wa dada yake alinivuta pembeni akanikumbusha.

Asimame badala yangu! Labda niwe nimekufa.

Jumatano, 14 Mei

Nimeomba ruhusa kwa Daktari, mwenye kliniki, nikaenda kwa wakala wa tiketi. Msichana wa mezani ana kucha ndefu na haraka. Akaniuliza uraia. Nikamwekea kadi mezani kwa madaha. Akaigeuza, akanirudishia, akaomba pasipoti. Nikatoa ile ya nilikozaliwa, jalada limechuja hadi nembo haionekani.

Mambo mawili, akasema. La kwanza, pasipoti imebakiza miezi minne, na kule hawamruhusu mtu kuingia bila miezi sita. La pili, raia wa hapa hawahitaji viza, ila raia wa kwetu wanahitaji, na mimi ni raia wa kwetu. Nikambishia. Nikamwonyesha neno kudumu kwa kidole. Akanitazama kwa upole wa kuudhi.

"Kadi hii, mzee, inakurudisha hapa. Haikupeleki kokote."

Sauti ya Shemeji kabisa! Nilitaka kuuliza kama wana undugu.

Lakini si kwamba imeshindikana. Alinichorea kwenye karatasi. Niende ubalozi wa kwetu na barua ya mwaliko kutoka kwa bibi harusi, wanaweza kuniongezea muda wa pasipoti kwa muhuri, siku hiyohiyo. Halafu niombe viza, wiki tatu. Nikianza kesho nawahi, na siku zinabaki.

Sawa. Ila barua inatoka kwa Binti. Kumwomba barua ni kumwambia kwamba sina viza. Na Binti hana siri kwa mjomba wake, kila kitu anamweleza. Shemeji atanitazama kwa yale macho yake ya huruma. Hapana! Karatasi ya msichana nimeikunja, nimeitia mfukoni. Lazima kuna njia isiyopitia kwa Binti.

Ijumaa, 16 Mei

Njia ipo. Nimeipata kwa kinyozi.

Pale hushinda mtu tunayemwita Wakili. Si wakili. Ni fundi wa friji asiye na kazi, ila amekaa miaka tisa kwenye foleni za uhamiaji, basi anajua mpaka rangi ya kila fomu. Nikamweleza habari yangu kama vile ni ya rafiki yangu. Akaelewa mara moja kwamba ni yangu.

Kasema kuna kijitabu cha kijivu. Hati ya kusafiria. Serikali ya hapa humpa mkazi wa kudumu ambaye nchi yake imemnyima pasipoti. Ukiwa nacho, eti kila ubalozi unakuonea huruma, viza unapewa siku mbili. Sharti ni moja tu, uwe na barua ya kwenu inayosema wamekukataa.

Basi! Mimi nimekataliwa na watu maisha yangu yote bila kujitahidi. Je, nikijitahidi?

Jumatatu, 19 Mei

Niandike yote, hata kama yananichoma.

Nilijiandaa vizuri. Fomu ya ubalozi ya kuomba pasipoti mpya niliijaza kwa wino mwekundu, jambo ambalo wamelikataza kwa herufi kubwa. Sikunyoa. Kwa ajili ya picha nilitoa meno yangu ya mbele, manne, kazi ya mikono yangu mwenyewe, mdomo ukanywea ndani kabisa. Nilifika dakika kumi kabla ya kufunga kwa mapumziko ya mchana, saa ambayo hakuna karani anayempenda mtu.

Dirishani kulikuwa na mama mtu mzima, miwani imening'inia kwa uzi. Nikamsukumia fomu bila salamu. Akaisoma. Alipofika mahali pa kuzaliwa, akaweka kalamu chini. Akasema mama yake mzazi alikuwa na genge kwenye soko la mji huohuo. Akauliza mama yangu alikuwa nani. Nikamtajia kwa ukali. Akamkumbuka! Mama mrefu, anayecheka kwa sauti. Akainuka, akaleta kiti upande wangu wa dirisha, kwa mikono yake.

"Kaa, mdogo wangu. Umepotea muda mrefu."

Miaka ishirini na nne sijawahi kupewa kiti katika ofisi yoyote. Nilikaa, nikageuza uso pembeni nikakohoa.

Sikukata tamaa lakini. Nikasema nchi yetu haijali watu wake. Akakubali, akaongeza na mifano. Nikamwelekeza kwenye wino mwekundu. Akasema ni kweli hauruhusiwi, basi akachukua fomu mpya na kuijaza mwenyewe kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kama wa mwalimu wa darasa la kwanza. Nikategemea picha. Akaiinua kwenye mwanga, akawaita wenzake waje waone. Mdomo umefungwa, mtu hacheki, macho mbele. Kila siku tunawaambia watu, akasema, na leo mmoja amesikia.

Kisha akauliza kama nina safari ya karibu. Harusi labda, au ugonjwa. Kama ipo, hataichukua pasipoti ya zamani, ataiongezea muda kwa muhuri sasa hivi, nisubiri hapohapo kwenye kiti. Alikuwa na muhuri mkononi. Niliuona.

Lakini mtu mwenye safari husaidiwa, na mimi nilikwenda kukataliwa. Nikamwambia sina safari. Sina safari wala sina mtu wa kumwendea.

Akanitazama kwa huruma, akachukua mkasi mkubwa, akakata pembe ya pasipoti yangu. Mpya itatoka baada ya wiki sita hadi nane. Akanipa risiti na kunishika mkono kwa mikono miwili.

Asubuhi nilikuwa na miezi minne. Sasa hivi sina hata siku moja.

Alhamisi, 22 Mei

Uhamiaji. Dirisha la tatu. Foleni ilianzia nje, kwenye ngazi. Wakili alikuwepo mbele yangu, anamshikia mtu nafasi.

Mama wa dirisha la tatu ni mnene, mtulivu, ana feni ndogo anayoielekeza shingoni kwake peke yake. Nikamwomba hati ya kusafiria. Akaomba barua ya kukataliwa. Nikampa risiti ya ubalozi na hoja yangu niliyoipika njia nzima: mtu anayeambiwa asubiri wiki nane ni sawa na aliyekataliwa. Akaisoma risiti mbele na nyuma.

Wamekukubali, mzee wangu, akasema. Kwa sauti, na foleni nzima ikasikia. Kuna mtu akanipongeza.

Nikageuka niondoke. Akaniita. Akasema ipo nyingine, hati ya safari moja, kwa mambo mazito ya familia. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Harusi ya mtoto imo, inachukua siku kumi za kazi, na inatakiwa barua ya mwaliko ya huyo mtoto. Mgonjwa mahututi naye yumo, siku tatu tu, na ushahidi unaweza kuletwa baadaye.

Nikakaa kwenye benchi na fomu. Siku kumi za kazi zilikuwa zinatosha. Kwa nini nijidanganye, zilikuwa zinatosha kabisa na viza juu yake. Nikatoa simu nimpigie Binti. Nikakuta ujumbe wake: picha ya gauni, na chini ameandika kwamba Mjomba ameshakata tiketi, na mimi je, natua siku gani?

Nikairudisha simu mfukoni. Mkono wenyewe ndio uliochagua mgonjwa mahututi.

Sasa mgonjwa ni nani? Palihitajika jina, uhusiano, ugonjwa. Nikaandika jina kamili la Shemeji. Kasafiri, nikaandika, kaanguka ghafla ugenini, kalazwa. Ugonjwa: moyo. Nikaongeza na figo, kwa raha zangu. Ndizo dakika tano nzuri kuliko zote tangu wiki jana.

Jumatatu, 26 Mei

Wameniita kwa alama za vidole. Kidole gumba cha kulia kwenye kioo. Mashine ikalia. Cha kushoto. Ikalia. Mama wa dirisha la tatu akanipa kitambaa nikapangusa, akanipa mafuta nikapaka, akaniambia nipulize. Vidole kumi vyote. Mashine inaandika kwenye kioo chake kwamba hakuna mtu.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamweleza. Ukishalitoa jino kwenye kalibu, unalisugua kwa unga wa jiwe, kwenye gurudumu linalozunguka, mpaka liteleze kama jino la Mungu. Huwezi kuvaa glavu kwa sababu kidole ndicho kinachosikia penye ukwaruzo. Miaka thelathini. Akanishika kidole, akakigeuza, akasema, umejisugua, mzee wangu. Si kosa. Ila itabidi wanithibitishe kwa njia nyingine, kupitia faili la zamani. Nirudi Alhamisi.

Nimerudi kazini. Nimemwonyesha Daktari vidole. Akavitazama kwa kioo chake cha meno, akasema ajabu, na akaniuliza kama meno ya mteja wa saa kumi yako tayari. Hasira imenipanda, na hata sijui kwa nani. Nusu ya mji huu wanacheka kwa vidole vyangu. Wanauma, wanatabasamu kwenye picha za pasipoti zao, wanakwenda watakako. Na mimi mashine inasema sipo.

Faili la zamani lina nini? Sijui. Halinihusu. Nililijaza nikiwa kijana.

Alhamisi, 29 Mei

Faili la zamani lina namba ya simu ya Shemeji.

Yeye ndiye aliyetualika nchi hii, miaka ishirini na nne iliyopita, mimi na dada yake. Nilisahau! Kila karatasi ya kwanza ilipita kwake. Na mtu gani anakaa na namba moja miaka yote hiyo? Wote tumebadilisha simu mara kumi. Yeye hapana.

Wakampigia. Akapokea mlio wa kwanza. Wakamuuliza kama anamfahamu mgonjwa mwenye jina hili. Akasema ndiye yeye anayeongea.

Niliingia nikakuta mama wa dirisha la tatu amezima feni. Nikajua. Akanigeuzia fomu na kuweka kidole kwenye neno figo. Akaniambia maelezo ya uongo kwenye fomu ya serikali ni kesi. Nikaanza kueleza kwamba mgonjwa amepata nafuu.

Nusu saa baadaye Shemeji akaingia. Tai. Viatu vinang'aa. Nilitegemea atanipandia juu, na kusema kweli ningependa anipandie, ningepata la kumjibu. Akanisalimia tu. Akanyoosha hadi dirishani, akainama kwenye kile kitundu, akaongea kwa muda mrefu. Nilisikia vipandevipande. Kwamba mimi ni mume wa marehemu dada yake. Kwamba mtoto aliachwa na miaka sita na mimi nikamlea peke yangu, nikamsuka nywele mwenyewe, vibaya, lakini nikamsuka. Sikujua kama aliona. Kwamba si mtu mbaya. Ni mtu anayeona haya kuomba.

Hakuna kesi. Faili limefungwa siku sitini, siwezi kuomba hati yoyote. Siku sitini zinaisha tarehe 28 Julai. Harusi ni tarehe 28 Juni.

Kwenye ngazi za nje alisimama, akafuta miwani yake. Nilimtangulia kusema. Nilimwambia haya yote ni kwa sababu yake, pamoja na habari zake za pasipoti na kadi. Akasubiri nimalize.

"Binti alitaka harusi ifanyike hapa, Shemeji," akasema. "Mwezi wa tatu. Kama karatasi zako zina tatizo, walikuwa tayari kuja wao, wafanye sherehe ndogo nyumbani kwako. Ukamwambia kila kitu tayari."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

"Alikuuliza. Ndiyo maana aliuliza."

Nimemwomba asimwambie Binti kitu, nitamwambia mwenyewe. Kaitikia sawa. Hata kuringa hakuringa! Nimetembea hadi nyumbani. Nimeketi jikoni na koti mwilini.

Alhamisi, 12 Juni

Wiki mbili sijamwambia Binti. Mara nipo kazini, mara simu haina chaji. Leo akapiga simu ya kliniki, Daktari akaniletea mkononi.

Nimemwambia kuna kosa limetokea. Kompyuta za ubalozi zimekwama, nchi nzima, wanahangaika watu wengi sana. Nikaongeza kwamba nimekwenda mara saba. Nilisikia anafunika simu kwa kiganja. Anafanya hivyo akilia, tangu mtoto, akidhani hasikiki. Aliporudi aliuliza swali moja tu, kosa ni la nani. Nikasema la kompyuta.

Akasema sawa, Baba. Ukumbi hauwezi kubadilishwa tena, watu wameshajibu mialiko. Mjomba atasimama.

Nikasema vizuri sana.

Nimevunja taya la mteja kwa bahati mbaya. Si kwa bahati mbaya. Nimelitupa ukutani. Nitalianza upya kesho.

Jumamosi, 28 Juni

Kliniki imefungwa leo, ila mtandao wake ni mzuri kuliko wa nyumbani, na funguo ninazo. Nikavaa suti. Nikaketi kwenye chumba changu cha nyuma, simu nimeiegemeza kwenye kopo la plasta. Rafiki wa Binti ndiye aliyeshika simu upande wa pili. Mara naona dari, mara naona visigino vya watu.

Waliingia saa nane na dakika tano. Shemeji amemshika mkono. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimeketi mbele ya simu kwa kazi hiyo. Lakini alitembea polepole, kwa mwendo wake Binti, hakumburuta wala hakujionyesha kwa watu. Alipofika mbele akauachia mkono na kurudi nyuma hatua mbili, zaidi ya ilivyohitajika. Binti kafanana na mama yake mpaka inauma.

Kisha daftari. Bwana harusi akasaini, Binti akasaini, mashahidi wawili. Msajili akamwonyesha Shemeji mstari wa mzazi. Shemeji akatikisa kichwa. Msajili akamwonyesha tena. Akakataa. Wakabishana kwa sauti ya chini, watu wakaanza kugeuka, hata mimi nikasimama huku peke yangu kwenye chumba cha meno. Halafu Binti akaja kwenye simu, uso wote ukajaa kwenye kioo.

"Baba, mstari wako tumeuacha wazi," akasema. "Mjomba kakataa kuujaza, na mimi nimekataa pia."

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikasema umependeza. Picha ikaganda hapo, mdomo wake wazi. Nikalia. Sina la kupamba, nililia kwa sauti kwenye kiti cha kazi, na hakukuwa na wa kunisikia. Baadaye niliwasha gurudumu nikasugua meno ya watu watatu ambayo hayakuwa na haraka.

Jumapili, 6 Julai

Binti kapiga simu asubuhi, yuko na furaha. Habari njema! Amerudi kwa msajili kuchukua cheti, akamweleza habari yangu. Msajili kasema mstari wa mzazi unaweza kujazwa hadi mwisho wa mwaka, ilimradi mzazi afike mwenyewe, na pasipoti inayofaa na viza halali. Ukipita mwaka, ukurasa unafungwa na mstari unapigwa kalamu.

Basi amepanga kila kitu. Nije Desemba, nikae mwezi mzima, chumba kipo. Barua ya mwaliko ameshaiandika, anaituma kesho. Yeye na mumewe wamesoma masharti yote, mkazi wa kudumu anayeomba mapema hupata viza bila shida. Kilichobaki ni pasipoti tu. Je, imetoka?

Imetoka. Ujumbe wa ubalozi ulifika Jumanne, niende kuichukua ndani ya siku thelathini, la sivyo inarudishwa makao makuu. Sijaenda. Pale kuna yule mama wa miwani ya uzi. Nilimwambia sina mtu wa kumwendea, akanishika mkono kwa mikono miwili. Atakapoona barua ya harusi ya mwanangu nitamweleza nini? Nitapita siku ambayo hayupo. Lazima kuna siku hayupo.

Na hizo siku sitini nazo hazijaisha, ila hilo ni la hati, si la viza, nadhani. Wakili anasema msimu huu foleni ya viza ni mbaya, watu wenye akili husubiri Novemba, ofisi zinakuwa tupu na karani anatamani kumaliza mwaka vizuri. Anajua mtu. Novemba hadi Desemba kuna siku za kutosha kabisa.

Binti alikuwa bado anasubiri jibu. Nilimsikia mumewe nyuma, anauliza amesemaje.

Nikamwambia pasipoti ninayo mkononi. Viza nimeshaomba wiki iliyopita, wamesema ni ya kugonga muhuri tu, kwa hiyo barua yake asijisumbue kuituma.

Akamwambia mumewe angoje.

"Kweli, Baba?"

Nikamwambia kila kitu tayari.